Alama ya kidole kwenye bati

Swali lenu la wiki liliuliza: "Je, mchezo wa video uliosifiwa na wahakiki kuwa ni wa familia nzima umewahi kufika nyumbani kwenu? Walisema kweli?"

Mhariri, swali hilo limenikuta kazini. Nina chumba cha michezo hapa Katuba, Lubumbashi: runinga nne, PlayStation 4 nne, viti vya plastiki, na daftari la kuandika nani amelipa na nani atalipa kesho. Wateja wangu karibu wote wanakuja kwa ajili ya mpira. Vijana wakiingia, hawaulizi kuna nini kipya, wanauliza tu nani yuko zamu. Kwa hiyo nikinunua diski isiyo ya mpira, nafikiri mara mbili, na huwa nasoma kwanza waliokwisha kuucheza wamesemaje.

Ndivyo nilivyonunua Hot Wheels Unleashed, mchezo wa mbio za magari ya kuchezea. Ulitoka Septemba 2021, na waliouunda ni Milestone, kampuni ya Milano, Italia, ambayo ilijulikana zaidi kwa michezo ya mbio za pikipiki. Magari ni yale madogo ya bati ambayo Mattel ya Marekani inayauza tangu 1968, kipimo cha 1 kwa 64, yaani gari zima linaenea kwenye kiganja cha mtoto wa miaka mitano. Yanakimbia juu ya njia za plastiki za rangi ya chungwa, zinazopinduka kichwa chini miguu juu, mara ndani ya karakana, mara chuoni, mara kwenye jengo refu ambalo bado linajengwa. Ukitelezesha tako la gari kwenye kona, turbo, yaani nguvu ya kuongeza mwendo, inajaa. Ikijaa, unaifyatua. Basi. Mtoto anaelewa kabla sijamaliza kumwelekeza.

Wahakiki waliupokea vizuri. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, alama zake zilizunguka sabini na kitu kwa mia, na kwetu mtoto akileta sabini na kitu kutoka shuleni, kuku anachinjwa. Walisifu namna gari linavyoitika mkononi, walisifu kifaa cha kutengenezea njia zako mwenyewe, na zaidi ya yote walisifu sura ya magari. Wengi waliandika habari za vidole: ukisogeza kamera karibu, unaona juu ya rangi alama za vidole vya mtu aliyelishika gari, unaona michubuko, unaona ule mstari mwembamba unaobaki kwenye plastiki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Alama za vidole! Mimi natafuta mchezo utakaokalisha watoto wa miaka saba bila kugombana, mtu ananiambia habari za vidole.

Siku ya kwanza tulipouwasha, mwanangu wa mwisho alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Mama, ile mutuka iko na kidole ya mutu!" Mutuka ndilo gari kwetu. Akaita wenzake. Dakika kumi hakuna aliyekimbiza gari. Walikuwa wanalizungusha tu, wanatafuta mikwaruzo kama fundi anayekagua gari la kununua. Halafu akaja baba yangu, kambo yao, yaani babu yao, aliyekuwa anasubiri nifunge twende nyumbani kula. Yeye hajawahi kukaa mbele ya runinga zangu. Mpira wa kwenye kioo anauita mpira wa uongo, maana yeye ni mtu wa Mazembe, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi, wa kwenda uwanjani kwa miguu. Siku hiyo alivaa miwani na kukaa.

Lazima nieleze kwa wasomaji wa mbali. Hapa kwetu mtoto hakuwa ananunuliwa gari, alikuwa analitengeneza. Waya za nyaya zilizochakaa, makopo ya maziwa, magurudumu ya ndala za zamani, na usukani wa waya mrefu unaofika kifuani ili ukimbie nyuma ya gari lako ukilielekeza. Baba alikuwa anaiga malori aliyoyaona yakitoka migodini. Watoto wa leo wanaiga yale yanayojipanga kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bado wapo wanaotengeneza, msiamini wanaosema mambo hayo yamekufa. Pitieni tu Katuba au Ruashi saa kumi jioni.

Basi mzee akalitazama lile gari la Milano likizunguka polepole kwenye kioo, akasema: "Aliyelifanya hili alikuwa nalo mkononi." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizosoma. Baadaye, mbio zilipoanza, aliongeza jambo ambalo sijalikuta kwa mhakiki yeyote. Alisema gari liko, njia iko, chumba kiko, lakini mtoto hayuko. Nani analisukuma? Kweli, ukitazama sana unaona vyumba vyote vile vikubwa ni vitupu. Vidole vimebaki juu ya rangi, mwenye vidole ameondoka. Tangu aliposema, kila nikiuona mchezo ule napata kaubaridi fulani. Watoto wenyewe hawajali.

Sasa malalamiko. Wahakiki walisema sehemu za kukimbizia magari ni chache na zinajirudia. Ni kweli, lakini kwa watoto wangu halikuwa tatizo hata kidogo. Watoto wanaocheza kwenye kichochoro kimoja tangu wazaliwe hawawezi kuchoshwa na karakana ile ile. Walisema pia magari yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe ni makali, na kwamba ukiruka vibaya unaanguka nje ya njia na kupoteza kila kitu. Hapo nakubaliana nao kwa mikono miwili. Kuna njia za sumaku ambazo gari linakwenda likiwa limening'inia kichwa chini, na mtoto mdogo akiachia kidogo tu, amekwisha. Nilishusha ugumu mpaka chini kabisa, bado dada zao wakubwa waliitwa kuja kuokoa.

Halafu kuna masanduku. Hili ndilo wahakiki walilolisema kwa sauti kubwa kuliko yote, na ndilo nililoliishi. Katika mchezo huo magari mengi huyachagui. Unapata sarafu kwa kushinda, unanunua sanduku lililofungwa, linatikisika, linafunguka, unakuta gari ambalo hukulijua. Linaweza kuwa la kawaida, linaweza kuwa adimu, linaweza kuwa lile lile ulilo nalo tayari. Sarafu hizo hazinunuliwi kwa pesa ya kweli, na wahakiki wengi walilitaja hilo, kisha wakasema hata hivyo inachosha kupata gari moja mara tatu.

Kuchosha? Katika chumba changu ilikuwa kesi. Wanangu watatu na watoto wa jirani wanacheza kampeni, ile sehemu ya mbio za mchezaji mmoja, kwa zamu kwenye akaunti moja, kwa hiyo sarafu zinaingia mfuko mmoja. Mmoja anashinda mbio tano kwa jasho, mwingine anafika tu na kubonyeza kifungo cha kufungua sanduku. Likitoka Bone Shaker, lile lenye fuvu la kichwa mbele, ni la nani? Likitoka la kawaida kwa mara ya nne, kosa ni la nani? Nilisuluhisha kesi hizo wiki nzima kama chifu wa mtaa. Mwishowe niliweka sheria: sanduku linafunguliwa na aliyeshika mkia siku hiyo. Kelele zikaisha, ila ukazuka ujanja mwingine, watoto wakaanza kushindwa makusudi.

Mhakiki aliye peke yake kwenye kochi lake, mwenye akaunti yake na maneti yake, yaani kile kifaa cha vifungo cha kushika mkononi, hawezi kuliona hilo. Na simlaumu, mchezo umefika kwake kama kitu cha mtu mmoja. Lakini ndiye anayeandika kwamba ni wa familia nzima. Kwa hesabu yangu, familia inaanza pale maneti inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mchezo huu unagawanya kioo kwa watu wawili tu. Wengine wanasimama nyuma wakipumua shingoni. Maandishi mengi niliyoyasoma yalilipitia jambo hilo kwa mstari mmoja, wakati mimi ningelianza nalo. Mchezo wa Micro Machines, nao wa magari ya kuchezea, magari madogo juu ya meza ya chakula cha asubuhi na meza ya biliadi, sehemu yake ya pili ya 1994 kwenye Mega Drive, mashine ya michezo ya zamani, ilikuja na kaseti yenye matundu mawili ya ziada ya kuchomeka maneti. Watu wanne, kioo kimoja, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Mtu aliyebuni kaseti ile lazima alikuwa na ndugu wengi.

Sehemu ya pili ya Hot Wheels Unleashed ilitoka Oktoba 2023. Waliongeza pikipiki, wakaongeza kuruka, na masanduku wakayaondoa. Sasa magari yananunuliwa kwenye duka la ndani ya mchezo, unaona unachonunua. Wahakiki walipongeza. Mimi nilipongeza. Mdogo wangu alipotuletea diski hiyo likizo ya Pasaka, swali la kwanza la watoto lilikuwa: "Masanduku yako wapi?" Walikuwa wamenuna. Wiki nzima ya kesi, ya machozi, na bado wanayataka! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wahakiki walikuwa na haki kuliko nilivyodhani, ila kwa sababu nyingine. Kitu kinachomkera mtoto namna ile na bado akakililia kikiondoka, mimi mzazi lazima nikiogope.

Mtaniuliza kuhusu LEGO 2K Drive, maana katika kundi hili la michezo ya magari ya kuchezea ndio uliozungumzwa sana baadaye. Ulitoka Mei 2023, gari lako linajibadilisha kuwa mashua ukiingia majini, na unaweza kulijenga tofali kwa tofali. Wahakiki waliupenda uendeshaji wake, wakakasirikia duka la ndani lililokuwa linauza magari kwa pesa ya kweli, katika mchezo wa watoto ambao tayari umelipiwa kwa bei kamili. Hasira yao ilikuwa ya haki. Kwetu hata hivyo haikufika: nani hapa Katuba ameunganisha kadi ya benki na PlayStation ya watoto? Duka lile kwetu lingekuwa kioo cha kutazamia tu, kama maduka ya mjini siku ya Jumapili. Mei 2025 mchezo wenyewe uliondolewa sokoni, kwa hiyo mjadala umebaki kwa waliowahi.

Nami sisemi wahakiki wasisomwe. Bila wao nisingenunua diski ile, na lile la vidole nililolicheka ndilo lililomkalisha mzee. Ninachowaomba ni kwamba siku moja wacheze mchezo wa familia wakiwa na watoto watano, maneti mbili, na umeme ambao hakuna ajuaye utakatika saa ngapi, kisha waandike.

Kwa kuwa mnapenda alama, nitawapa zangu, ambazo ni daftari. Siku za kazi, anayeongoza ni mpira, wa pili mpira, na magari ya Milano yanashika nafasi ya tatu kwa mbali. Jumamosi ni mpira mtupu. Jumapili kuanzia saa nane, watu wakitoka kanisani, mambo yanageuka: akina baba wanaingia na binti zao wenye viatu vyeupe, akina mama wanasema wao wanapumzika tu kisha wanaomba zamu, na baba yangu anakaa pembeni akiwaeleza wasiouliza jinsi ya kupinda waya wa usukani usivunjike. Siku hiyo naazima mabenchi mawili kwa jirani.

Msomaji wenu, mama wa watatu, Katuba, Lubumbashi