Mizani ya Kuchora

Swali la wiki lilikuwa: anayekudai deni unalolipinga akitishia kukufikisha mahakamani, utamjibu nini? Mimi nitamjibu kwa maandishi. Nasema hivyo kwa kuwa yamenikuta.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwaka juzi nilikopa shilingi 600,000 nichukue mzigo wa Ukerewe, nikarejesha kila Ijumaa kwa simu mpaka nikamaliza, au ndivyo nilivyojua. Mwaka huu akanipigia kijana mkusanya madeni: "Mama, unadaiwa 185,000 na riba inapanda. Zikipita siku saba, dalali wa mahakama anakuja kubeba friji." Kesho yake ikaingia karatasi WhatsApp, maandishi mekundu, juu imechorwa mizani. Sisi wa dagaa mizani tunaijua, na ile ilikuwa ya kuchora tu. Haikuwa na jina la mahakama, namba ya shauri, tarehe ya kufika, wala muhuri.

Samansi, yaani hati ya mahakama ya kukuita, ina hayo yote. Na dalali wa mahakama haji kwa sababu mtu kakasirika. Huja baada ya hukumu, tena kwa amri ya mahakama ya kuikazia, yaani kuitekeleza. Polisi nao yule kijana alinitajia. Kushindwa kurejesha mkopo ni madai, si jinai.

Jirani yangu wa kizimba akanishauri nitume hata elfu ishirini, "uonyeshe nia, dada." Alinitakia mema, lakini hapo ndipo wengi tunapojimaliza. Ukituma kidogo, au ukiandika "naomba mnivumilie", unaweza kuhesabiwa umelikiri deni. Hata lile lililokaribia kuzeeka linapata uhai mpya: madai ya mkataba kwa sheria ya Tanzania yana ukomo wa miaka 6, na ukilipa sehemu au ukikiri kwa maandishi hesabu inaanza upya. Langu lilikuwa bado bichi, ila sikuona sababu ya kukiri nisichodaiwa.

Nikaandika hivi: "Kiasi hiki sikitambui. Naomba nakala ya mkataba wenye sahihi yangu, mchanganuo wa kila rejesho, na barua ya mkopeshaji inayokuruhusu kunidai. Tuwasiliane kwa maandishi." Tarehe, jina, basi. Sikumtukana, ingawa ulimi ulikuwa unawasha. Nikachapisha nakala mbili stationari, moja nikaipeleka ofisini kwao wakaipokea kwa sahihi.

Wapo wanaosema nyamaza, watachoka. Kwa vitisho sawa. Samansi ya kweli ikija, usipotokea shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na hapo friji kweli linaondoka. Nenda na karatasi zako. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, lakini hakimu hawezi kuzisoma risiti ulizoziacha nyumbani chini ya godoro.

Mchanganuo wao ulikuja siku ya tisa. Marejesho matatu ya Aprili hayakuwamo. Nikafungua daftari langu, lile linalonuka dagaa mpaka mwanangu hataki kulishika, nikakuta namba za miamala yote mitatu. Nikazipiga picha, nikatuma bila neno. Alama mbili za buluu zikatokea palepale. Jibu sijapata mpaka leo, na bahasha yenye nakala yangu ya barua bado iko juu ya kabati, pembeni ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.