Mhadhiri Mmoja, Kazi Tatu

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Kigoma. Muhula huu nina wanafunzi 240 katika somo moja, nao wamefanya jaribio juzi; nikitumia dakika 10 kwa kila karatasi, ni saa 40 za kusahihisha kabla sijagusa jambo lingine. Makala yangu kuhusu upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa imelala mwaka mzima. Wakati huohuo kina mama wanaoanika dagaa Katonga, kwenye mwalo (ufukwe wa kushushia samaki), huniita niwaelimishe, na nikienda, mkuu wa idara huniuliza makala iko wapi. Nishike lipi?
Mhadhiri, Kigoma

JIBU: Ndugu Mhadhiri, wahenga walimwonya mshika mawili, wewe umeshikishwa matatu, na kwa mkataba. Kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii vyote vimo katika majukumu yako, lakini siku ya kupandishwa daraja hutazamwa zaidi machapisho. Darasa halingoji, kina mama nao wanakuita kwa jina, kwa hiyo utafiti, usio na mtu wa kukugongea mlango, ndio unaoahirishwa kila wiki.

Mimi nisingeacha Katonga. Ningebadilisha siku ya kwenda. Unajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi ikabaki ufukweni, wavuvi wakashona nyavu na chanja za kuanikia zikawa tupu. Siku hizo watu wana nafasi ya kuzungumza. Waeleze kina mama ulichowaandalia, kisha, ukiwa na kibali cha utafiti na ukiwa umewaambia wazi kwamba majibu yao utayaandika, waulize ni kiasi gani huharibika mvua inapowakuta dagaa wakiwa mchangani na kiasi gani wakiwa juu ya chanja. Safari moja itakuwa imebeba kazi mbili. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kufanyia hapo tafiti zao, mradi usiwageuze vibarua wa kukukusanyia takwimu bila kuwataja, tabia ambayo nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kila ukitoka Katonga, omba barua fupi ya uongozi wa mwalo inayotaja tarehe na ulichofundisha, kwa sababu huduma isiyo na karatasi haihesabiwi.

Kuhusu zile saa 40, usizibebe kimya. Andika saa zako za wiki nzima, umpelekee mkuu wa idara, umwombe msaidizi wa kusahihisha. Na jaribio lijalo liwe na maswali ya majibu mafupi, insha ukiibakiza kwa kazi za vikundi.

Ukiifungua tena makala, anza na tarehe za takwimu zako. Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na kama ulizikusanya kabla ya hapo, liseme hilo mwenyewe katika sehemu ya mbinu, kabla mhakiki wa jarida hajakuuliza.