Linux ndani ya Windows, na diski ya kaka yangu

Juzi saa tano usiku nimepata ujumbe wa kijana wa chuo, yuko Mbeya: "Samahani kaka kwa usiku huu. Nilikuwa naweka Ubuntu nijifunze, sasa Windows siioni. Na ripoti yangu ya fildi imo humo." Ubuntu ni aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Kabla hajamaliza kueleza nilishajua amebonyeza wapi. Kuna chaguo la kufuta diski nzima, na ukiwa na haraka unaliona ndilo jepesi. Mimi nililibonyeza 2019.

Tena laptopu haikuwa yangu. Ilikuwa ThinkPad T430 ya kaka yangu mkubwa, mtumba wa Kariakoo, yenye sura mbili za tasnifu yake ya uzamili. Nilimwomba aniachie wikiendi moja tu. Nami nilitaka kujifunza, kama wengi wenu: serva nyingi, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, zinaendeshwa na Linux, na kila tangazo la kazi niliyoitamani liliitaja. Ubuntu ikawaka, nikafurahi kama dakika kumi, kisha nikaanza kuitafuta Windows.

Usiku ule siusimulii wote. Nasema tu kosa la pili, ambalo kaka atalijua leo akisoma hapa: badala ya kumwamsha, niliweka Windows upya pale pale ili asigundue. Nikaiweka mara mbili, maana ya kwanza iligoma kushika intaneti. Jumatatu fundi akaniambia kwamba faili likifutwa, mara nyingi bado lipo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nami nilikuwa nimeshaandika mara mbili. Mpaka leo kwenye shughuli za familia kaka hunitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye mhandisi wetu." Watu wanacheka, nami nacheka nao.

Na kumbe yote yale hayakuwa na haja. VirtualBox, programu ya bure, inakutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ambayo diski yake ni faili tu lililokaa kwenye Windows yako. Humo unaweza kufuta "diski nzima" mara kumi kwa siku na picha za mama zisiguswe.

Nilipopata laptopu yangu, T430 pia, sijui kwa nini nilishikilia ileile, kilichonikwamisha ni kwamba orodha ya VirtualBox ilinionyesha Linux za biti 32 peke yake, nami nilitaka ya biti 64. Siku mbili niliitukana prosesa. Kumbe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, ambao Intel wanauita VT-x, ulikuwa umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Kwa ThinkPad kama yangu unabonyeza F1 inapowaka, unaingia Security, kisha Virtualization, unawasha. Intel walianza kuuweka 2005 na AMD mwaka uliofuata, kwa hiyo mtumba wako nao huenda unao. Na ukiona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine pepe, Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, imeshikilia uwezo huo, ndiyo maana kila kitu kinajikokota. Izime.

Kisha RAM, na hapa sitanii. Nilikuwa na GB 4, nikaipa Ubuntu 3. Windows ikawa inapumua kama Fuso iliyojaza viazi ikipanda Kitonga. Nikanunua kijiti kingine cha GB 4, nikaiachia Linux 3 zile zile, mambo yakanyooka. Huna hela ya kijiti? Weka Debian, aina nyingine ya Linux, ile ya maandishi matupu, GB 1 inaitosha. Serva haiendeshwi kwa kipanya hata hivyo, na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi ndiyo yaliyonipa mkate. Leo kazini nawasha mashine pepe tatu kwa mpigo, na wale walionicheka wananipigia simu Windows zao zikigoma.

Hatua za kubonyeza "endelea, endelea" mtaziona wenyewe. Piga snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine pepe unayoweza kuirudia, kabla ya kila jaribio. Lakini wadogo zangu, snapshoti si nakala ya akiba, maana inakaa kwenye diski ile ile, na diski ikifa vinazikwa pamoja. Tunanunua bando la usiku kushusha GB 6 za Ubuntu, halafu flashi ya kuhifadhia tasnifu tunasema ghali. Acheni. Na kompyuta ya mtu msijifunzie, hata awe ndugu yenu wa tumbo moja.

Kijana wa Mbeya sikumjibu hayo, maana hayakuwa yanamsaidia usiku ule. Nilimpigia. Nikamuuliza, "Sasa hivi unafanya nini?" Akasema ameshachomeka flashi yenye Windows, anataka kuirudisha. Nikamwambia aichomoe, azime laptopu, asiiwashe tena mpaka ifike kwa fundi wa kuokoa mafaili. Akauliza kama ripoti itapatikana. Nikamwambia diski yake angalau haijaandikwa mara mbili.