"Kuzaa" ni tusi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimeandika kwenye grupu la familia "wifi amezaa mtoto wa kike, wote wazima", kakangu akanijia juu eti nimemfananisha mkewe na mbuzi, mtu hazai, anajifungua. Ni kweli nimekosea?

JIBU: Marahaba. Hujamtukana mtu. Hili swali naletewa kila mara mpaka limenichosha. Ni kweli kwenye kutoa taarifa "amejifungua salama" ndo inapendeza masikioni, ni tafsida (neno la kulainisha lugha), kwa hiyo kakako ana nusu ya haki. Nusu nyingine kaiokota kwenye zile picha za "usiseme hivi, sema hivi" zinazozunguka WhatsApp. Wanachukua jambo la kweli, kwamba mbuzi hajifungui, wanalipindua kichwa chini eti basi na mtu hazai. Sasa wahenga waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walikuwa wanawasema mbuzi? Na wodi ya wazazi je, na uzazi wa mpango, tuite ujifunguzi wa mpango?

Halafu haya maneno si kwamba unatoa hili unaweka lile tu. Kujifungua ni lile tukio lenyewe, mama katua mzigo (fungua si ni kinyume cha funga), na ni la mwanamke peke yake. Kuzaa ni kupata mtoto kwa ujumla, ndo maana baba naye anazaa, utasikia "nimezaa naye wawili", ila baba aliyejifungua sijamwona. Bibi amezaa watoto sita, sawa, habari ya kawaida, lakini sema bibi amejifungua watoto sita uone watu watakavyoshika vichwa, maana hao ni sita kwa mpigo! Niliwahi kuletewa fomu ya kliniki niipitie, kuna mtu kafuta kila "umezaa" kaweka "umejifungua watoto wangapi", eti heshima, na mama mmoja mwenye wanne alipoulizwa akajibu "mmoja mmoja tu, sina mapacha".

Ugonjwa ndo huohuo kwenye kufa na kufariki, mimba na ujauzito. Neno la heshima likishazoeleka wajuaji wanaanza kulisingizia lile la wazi kuwa ni chafu, kumbe neno la wazi na tusi ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukiwafuata hao utabaki unaongea kwa kuzungukazunguka mpaka nesi ashindwe kukuelewa. Kamusi hawafungui. Wangefungua wangekuta kuna kuvyaa, ndo kuzaa hukohuko kwenye lahaja za pwani, na humo ndo limetoka mavyaa, yaani mama mkwe. Kakako kama kweli anajiamini aende akamwambie mavyaa wake kwamba hata jina analoitwa ni la mbuzi.