Kabla hujailaumu draiva ya kipangaji cha matukio

Nilipopewa kazi ya kusimika draiva ya kipangaji cha matukio cha maunzi kupitia DPDK (maktaba za programu za kushughulikia pakiti kwa kasi), ili kigawanye pakiti za mtandao, ambazo hapa huitwa matukio, kwa viini vinane vya prosesa, nilipoteza siku mbili nikiituhumu draiva isiyo na kosa lolote.

Usimikaji wenyewe hauna mengi. IOMMU (sehemu ya maunzi inayodhibiti kumbukumbu ambayo kifaa kinaweza kufikia) huwashwa, kurasa kubwa za kumbukumbu hutengwa, kifaa hufungwa kwenye vfio-pci (draiva ya kernel inayokabidhi kifaa kwa programu), kisha programu husanidi foleni na poti (milango ambayo viini huchukulia matukio), huziunganisha, ndipo huwasha kifaa. Ukiacha foleni bila poti, uwashaji unaweza kukataliwa kwa kosa la ENOLINK, na hiyo naiona kuwa hisani, kwa sababu makosa mengine hunyamaza kimya. Kwa mfano, ikiwa kadi ya mtandao na kipangaji havina njia ya ndani ya kupitishana pakiti, adapta ya kupokea, yaani sehemu inayohamisha pakiti kutoka kadi hadi kipangaji, huhitaji kiini cha huduma (kiini kilichotengwa kwa kazi hiyo). Usipokitenga, kadi itahesabu pakiti zinazoingia huku programu yako isipate hata moja.

Kilichonizungusha mimi kilikuwa kingine. Kasi iligoma kupanda, ingawa amri ya top ilionyesha viini vyote vinane vikifanya kazi kwa asilimia 100. Takwimu hiyo ni ya kupotosha: kiini kinachouliza poti yake mfululizo huonekana na shughuli hata kama hakipati kitu. Niliposoma vihesabio vya kila poti ndipo nikaona kwamba, kwa wakati wowote ule, ni poti moja tu iliyokuwa ikipokea matukio.

Chanzo kilikuwa jaribio langu mwenyewe. Mashine ya kuzalisha pakiti ilituma kutoka anwani moja, kwenda anwani moja, kwa namba zilezile za poti za UDP, hivyo heshi (namba inayokokotolewa kutokana na anwani na poti hizo ili kutambua mkondo wa pakiti) ikatoa mkondo mmoja. Na foleni ya atomiki hairuhusu mkondo mmoja ushughulikiwe na viini viwili kwa wakati mmoja. Nilipobadilisha namba za poti za chanzo, viini vyote vikapata kazi bila draiva kuguswa.

Basi anza na dpdk-test-eventdev, programu ya DPDK ya kujaribu vipangaji vya matukio, kisha zalisha mikondo mingi kuliko viini ulivyo navyo. Ikiwa mzigo wako halisi ni mkondo mmoja mzito, kama handaki la IPsec (njia ya mtandao iliyosimbwa), tumia foleni ya mpangilio kwa kazi ndefu, ambayo hurejesha utaratibu wa pakiti zinapopelekwa mbele, na ubakize atomiki kwa hatua fupi ya kutoa namba za mfuatano.