Je, marehemu "alipoteza vita" dhidi ya saratani?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anaeleza kwamba familia yao ilipoandaa tangazo la msiba wa shangazi yake, kijana mmoja aliandika kuwa marehemu "amepoteza vita vyake dhidi ya saratani." Mjomba akaikataa sentensi hiyo, akataka iandikwe "amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu," bila ugonjwa kutajwa. Msomaji anauliza nani alikuwa sahihi, na kama kuandika "amekufa" ni utovu wa adabu.

Kuhusu vita, mjomba alikuwa sahihi. Kwa Kiswahili mtu hushindwa vitani, hapotezi vita. Na hata tukisema "ameshindwa," tunamtwika marehemu lawama asiyostahili, kana kwamba angejitahidi zaidi angepona. Watu wa pwani husema mgonjwa amezidiwa, maradhi yamemlemea, siku zake zimefika, na ugonjwa wenyewe huutaja kama sababu tu, kwa kuwa kifo hakikosi sababu. Tena tunacho kitenzi "kuuguza," ambacho ndani yake wamo waliokesha naye, waliomgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Lugha ya vita haina nafasi yao.

"Kufa" si tusi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alipomlilia mkewe Amina katika shairi alikitumia kitenzi hicho bila kusita, akakiweka pamoja na "kutangulia." Hata wale tunaowapa pole tunawaita wafiwa, neno linalotokana na kufa, wala hakuna anayenung'unika. Kinachotakiwa ni kujua mahali. Mbele ya wafiwa tunasema "amefariki," "hatunaye tena," "ametangulia mbele ya haki," kwa sababu "amekufa" likitamkwa peke yake, kavu, huumiza: ni neno lile lile tunalolitumia kwa kuku na kwa betri ya redio.

Ninapotofautiana na mjomba ni katika kuuficha ugonjwa. Kukistahi kifo ni jambo moja na kulikwepa jina la maradhi ni jingine, ingawa mara nyingi tunayachanganya na kusema "ugonjwa ule" au "ugonjwa wa kizazi." Ikiwa marehemu mwenyewe hakutaka ijulikane, siri yake ilindwe. Kama hakuweka sharti hilo, ni halali kabisa kuandika: "Amefariki dunia baada ya kuugua saratani ya mlango wa kizazi." Ukipenda "kansa," andika, yote mawili ni Kiswahili. Jina kamili lina faida kwa mabinti na wajukuu wanaolisikia, maana saratani hiyo husababishwa kwa sehemu kubwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi huweza kugunduliwa na kutibiwa kabla hayajageuka saratani, na chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018.

Kwa wanaume kuna kosa jingine: tunasikia "mzee ana tezi dume." Kila mwanamume anayo tezi dume. Anayeumwa huenda tezi yake imevimba tu, jambo la kawaida uzeeni, au huenda ana saratani ya tezi dume, na hayo ni maradhi mawili tofauti. Asemaye kwa mkato humtia hofu yule wa kwanza na kumchelewesha wa pili.

Mwisho, msomaji anasema kwamba miezi kadhaa kabla ya msiba majirani walikuwa wakinong'ona, "amerudishwa nyumbani, hana tiba." Maneno haya ningeomba tuyaache, hasa mgonjwa akiwa anasikia, kwa sababu humfanya maiti angali hai, na pia si kweli. Pale ambapo saratani haiponyeki tena, ipo tiba shufaa, inayotuliza maumivu kwa dawa kama mofini, inayopunguza kichefuchefu na kukosa pumzi, na inayomhudumia mgonjwa pamoja na wanaomuuguza. Sentensi sahihi ni "saratani yake haiponi, lakini anatibiwa," na jirani akiuliza hali, ajibiwe hivyo.