Uvimbe wa mfupa ndani ya sikio si saratani

Pole sana dada wa Tukuyu. Umeuliza kama uvimbe wa mfupa aliokutwa nao mama nyuma ya ngoma ya sikio ni saratani. Kama vipimo vimesema ni osteoma, hapana. Ni mfupa tu umeota pasipotakiwa. Hukua taratibu mno na hausambai mwilini. Ni nadra kweli, ndiyo maana wengi hawajausikia.

Shida huanza uvimbe ukigusa vile vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Cha mwisho, kikuku, kina kama milimita 3 tu, kwa hiyo hata kiuvimbe kidogo kinaweza kukikwamisha. Daktari akigonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, unaotoa mlio, na kuuweka katikati ya paji la uso, mama atausikia zaidi upande wa sikio bovu. Msishangae, ndivyo inavyokuwa sauti ikizuiwa njiani.

Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ndiyo inayoonyesha uvimbe vizuri. Kama anasikia sawasawa, mara nyingi hufuatiliwa tu bila kuguswa. Kama usikivu unashuka, muulizeni daktari wa masikio, pua na koo pale rufaa Mbeya kuhusu upasuaji. Tafadhali, mafuta ya moto msimtie sikioni.